Rabi aliyejikosoa

"Kazi ya Mungu haina makosa," alisema mzee mmoja, na turubai zima likaguna kuitikia.

Mama aliyefiwa alikuwa amekaa mkekani, mgongo ameuegemeza ukutani, khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Tulidhani hasikii. Akainua uso, akasema taratibu, bila hasira hata chembe: "Mimi sijasema amekosea. Nimeuliza kwa nini."

Hakuna aliyemjibu. Akina mama wa kwaya wakaanzisha pambio, na pambio likayamaliza mazungumzo.

Msiba wenyewe sitausimulia. Waliokuwepo wanaujua, na wasiokuwepo hauwahusu. Lakini maneno ya yule mama yamenifuata wiki kadhaa sasa. Yananikuta kwenye foleni ya Ubungo, yananikuta kanisani wakati wa matangazo, yananikuta usiku umeme ukikatika na sina pa kukimbilia. Nililelewa nikijua njia mbili tu, kukubali na kukufuru. Ukifiwa unakubali. Usipokubali, watu wanaanza kukuombea. Yule mama hakuwa kwenye njia yoyote kati ya hizo mbili, na hakuonekana kama mtu aliyepotea.

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Msibani msemo huo tunauacha mlangoni pamoja na viatu.

## Ayubu wa katikati

Ayubu tunayemjua huku kwetu ana mwanzo na mwisho tu. Mwanzoni amefilisika, amefiwa na watoto wote, anasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mwishoni amerudishiwa mali maradufu. Waislamu wanamtaja Nabii Ayubu kwa subira yake, na washairi wa pwani wamemwimba kwenye tenzi. Sisi Wakristo tunamsoma mazishini, aya zile zile.

Katikati kuna sura zaidi ya 30 ambazo sikumbuki kuzisikia zikihubiriwa. Humo Ayubu analaani siku aliyozaliwa. Anataka yeye na Mungu wasimame mbele ya mwamuzi. Anawaambia marafiki zake kwamba faraja yao ni mateso mengine. Na marafiki wale, ukiwasoma vizuri, wanasema haya haya tunayoyasema sisi: Mungu ni wa haki, jichunguze, hakuna linalotokea bure. Kitabu kinapokaribia kufungwa, Mungu anawakasirikia wao. Anawaambia hawakusema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu.

Waliomtetea Mungu ndio waliokemewa.

Jambo moja walilifanya vizuri, tena mwanzoni kabisa: walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake umezidi. Wayahudi walilishika hilo. Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mabishano ya marabi wa Babeli, inawakataza wafariji kufungua kinywa kabla mfiwa hajafungua chake. Hadi leo Myahudi akifiwa na mzazi, mtoto, ndugu au mwenzi wake hukaa matanga ya siku saba, wanayaita shiva, kwenye kiti kifupi karibu na sakafu. Anayeingia husubiri mfiwa aanze. Mfiwa akinyamaza, naye hunyamaza.

Hapo ndipo nilipoanza kuwasoma. Ayubu alikuwa wao kabla hajawa wetu, nikasema labda wanajua cha kufanya na zile sura za katikati.

(Najua wapo ambao wakiona neno "Myahudi" akili inaruka moja kwa moja hadi Gaza. Siwalaumu, na wanaolia kule wana haki ya kulia. Ila leo nazungumza na vitabu vya kale, na mtu mmoja aliyeuawa mwaka 1943, wakati dola ya Israeli ilikuwa haijaundwa.)

Nisiwapambe pia. Wayahudi wanayo "kazi ya Mungu haina makosa" ya kwao. Habari ya kifo ikifika, anayeipokea hutamka kwamba ahimidiwe Hakimu wa kweli. Marabi wa kale walimtaka mtu amhimidi Mungu kwa baya kama anavyomhimidi kwa jema. Kwenye sala za sikukuu wanakiri kwamba walihamishwa kutoka nchi yao kwa sababu ya dhambi zao. Kwa hiyo anayekwambia kwamba Uyahudi ni dini ya kugombana na Mungu, basi, huyo amesoma nusu. Kilichonivuta mimi ni kwamba nusu hizo mbili zimeachwa zikae pamoja kwenye vitabu vile vile, wakati mwingine kurasa zinazofuatana.

## Nipe mkono wako

Kurasa ninazozisema ziko mwanzoni kabisa mwa Talmudi, katika sehemu iitwayo Berakhot. Marabi wanajadili mateso. Mmoja anasema mtu akiona mateso yamemfika, achunguze matendo yake. Asipoona kosa, aseme pengine amezembea kusoma Torati. Kama hata hilo halipo, basi ajue ni mateso ya upendo, maana Mungu humrudi ampendaye. Ni nadharia safi, ina ngazi zake. Unaweza kuihubiri Jumapili na watu wakaiandika kwenye madaftari.

Halafu, bila taarifa, wanaanza kuingia wagonjwa.

Rabi Hiya bar Aba anaumwa. Rabi Yohanani anakwenda kumjulia hali, anamuuliza: mateso haya unayapenda? Anajibu: siyataki, wala malipo yake siyataki. Yohanani anamwambia, nipe mkono wako. Anampa, naye anamwinua.

Baadaye Yohanani mwenyewe anaugua. Anakuja Rabi Hanina. Swali lile lile, jibu lile lile, naye anainuliwa kwa kushikwa mkono. Talmudi inauliza kama mwanafunzi mkorofi: kwani Yohanani asingejiinua mwenyewe, si juzi tu amemwinua mwenzake? Inajibu: mfungwa hajitoi mwenyewe gerezani.

Hadithi ya tatu ndiyo niliyoirudia zaidi. Rabi Elazari amelala kwenye chumba cha giza. Yohanani anaingia, anaufunua mkono wake, na kwa jinsi alivyokuwa mzuri wa mwili chumba kinapata mwanga. Anamkuta Elazari analia, anaanza kukisia. Unalilia elimu uliyoikosa? Aliyepata nyingi na aliyepata kidogo ni sawa, ilimradi moyo umeelekea mbinguni. Unalilia umaskini? Si kila mtu hujaliwa meza mbili. Unalilia watoto? Huu hapa mfupa wa mwanangu wa kumi.

Mwanangu wa kumi.

Mzee anatembea na mfupa wa mtoto wa mwisho kati ya kumi aliowazika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kama kuna mtu aliyekuwa na ruhusa ya kutoa majibu ni huyu. Bado majibu yake yote matatu yanapita kando. Elazari anamwambia: nalilia uzuri huu wako, ambao utakwenda kuoza udongoni. Yohanani anasema: kwa hilo, kweli, una sababu ya kulia. Wakalia wote wawili.

Ndipo anamuuliza lile swali. Ndipo anamwomba mkono.

Wahariri wa Talmudi hawakuifuta nadharia ya mateso ya upendo. Imebaki pale juu, na heshima yake. Ila baada yake wamewaweka wagonjwa watatu, mmoja akiwa ni mwalimu mkubwa kuliko wengi, wakaulizwa wanayaonaje mateso yao, na wote watatu wakayakataa pamoja na thawabu yake. Wasomaji wengine wanasema hadithi zinaivunja nadharia. Wengine wanasema zinaikamilisha. Mimi naona mtu aliyezipanga hivi alikuwa amewahi kukaa na mgonjwa.

## Chumvi

Sasa twende Warszawa, mji mkuu wa Poland.

Kalonymus Kalman Shapira, aliyezaliwa 1889, alikuwa rabi wa Wahasidi, kundi la Wayahudi wacha Mungu, wa Piaseczno, mji mdogo kusini mwa Warszawa. Sifa yake ilikuwa malezi. Aliongoza chuo cha dini, na mwaka 1932 alichapisha kitabu kwa ajili ya wanafunzi na walimu wao ambacho bado kinasomwa. Somo la mateso hakulitafuta. Lilimfuata nyumbani.

Septemba 1939 Wajerumani waliipiga Warszawa kwa mabomu. Mwanawe wa kiume wa pekee akajeruhiwa. Wakati familia ikihangaika naye, bomu likawaua mke wa kijana huyo na ndugu mwingine wa familia waliokuwa nje ya hospitali. Siku chache baadaye kijana naye akafa. Wiki chache tena, akafa mama yake rabi. Mkewe alikuwa ameshatangulia mwaka 1937.

Tarehe 4 Novemba 1939 fungu la Torati la Sabato lilikuwa lile linaloanza na kifo cha Sara. Marabi wa kale walishaona kwamba kifo hicho kinakuja mara tu baada ya habari ya Ibrahimu kunyanyua kisu juu ya Isaka, wakasema Sara aliposikia habari ile roho ilimtoka. Rabi Shapira akaanzia mbali, kwenye chumvi. Talmudi inafananisha mateso na chumvi: kama chumvi inavyoifanya nyama iwe tamu, ndivyo mateso yanavyomsafisha mtu. Akamnukuu rabi wa zamani, Menachem Mendel wa Rymanów: nyama ikizidi chumvi hailiki. Kwa hiyo mateso nayo yanatakiwa kuwa na kipimo, kile ambacho mtu anaweza kukibeba.

Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kulikuta kwa kiongozi wa dini yoyote. Alisema Sara alikufa kwa ajili yetu, ili amwonyeshe Mungu kwamba binadamu hawezi kuvumilia kupita kiasi. Hata anayenusurika, alisema, kuna sehemu ya nguvu zake, ya akili yake na ya roho yake iliyokwisha kuvunjika na kupotea. Kuuawa mzima au kuuawa sehemu, kuna tofauti gani?

Kwa hiyo kifo cha Sara ni malalamiko. Na Torati imeyaweka pale, yasomwe kila mwaka mbele ya yule anayelalamikiwa.

Kijana wake alikuwa na mwezi na siku kidogo kaburini. Kwenye maandishi ya mahubiri yale hamtaji.

## Hanuka, Desemba 1941

Novemba 1940 geto la Warszawa, eneo ambamo Wajerumani waliwakusanya Wayahudi, likafungwa. Watu zaidi ya 400,000 walibanwa nyuma ya ukuta, kwenye eneo lisilofika kilomita nne za mraba, na njaa na homa ya chawa vikaanza kazi yake. Rabi Shapira akaendelea kufundisha. Alizungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki; Sabato ikiisha, maana kuandika siku ya Sabato kumekatazwa, aliketi akaandika kwa Kiebrania. Kwenye mahubiri ya karibu miaka mitatu hawataji Wanazi kwa jina. Asiyeziona tarehe anaweza kudhani ni maandishi ya karne nyingine.

Ilipofika Hanuka ya 1941, sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha taa, imani za watu zilikuwa zinabomoka mbele ya macho yake, na hapa rabi wa chumvi anageuka mkali. Wako wanaosema mateso kama haya hayajapata kuwapo Israeli, alisema. Wanakosea. Hekalu lilipobomolewa, mji wa Betari ulipoanguka mikononi mwa Warumi, yalikuwapo haya haya. Habari zile mlizisoma na imani yenu ikabaki nzima. Kwa nini idhoofike sasa?

Ninavyoielewa mimi, alikuwa anawaambia kwamba kilichobadilika ni kimoja tu: safari hii ni ninyi.

Hoja inauma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nani kati yetu aliacha kusali kwa kusoma habari za watumwa Bagamoyo? Tumewapeleka wageni pale, tumesoma vibao, tumekunywa madafu, na Jumapili tukaenda ibadani kama kawaida. Maumivu ya watu wa zamani hayamsumbui Mungu wetu. Yetu ndiyo yanayomsumbua.

Lakini hiyo pia ni hoja ya mtu anayeziba ufa ukutani huku nyumba inatikisika. Historia amekwisha kuifanya kipimo. Kama yamewahi kufika hapa na Israeli ikabaki, basi chumvi haijazidi.

## Chumba cha ndani

Katika miezi ya 1942 sauti yake ikabadilika tena. Aliacha kuwauliza watu kwa nini imani yao inadhoofika, akaanza kuuliza Mungu yuko wapi, na kwa nini ulimwengu haujarudi kuwa mavumbi.

Alishika simulizi za marabi wa kale kwamba Mungu ana chumba cha ndani anamolilia. Kwa kuwa Mungu hana mwisho, alifundisha, na uchungu wake kwa ajili ya watu wake hauna mwisho. Ungetoka nje kidogo tu, ulimwengu usingeuhimili. Kwa hiyo amejificha ili alie. Kile kinachoonekana kwetu kama kutokuwepo kwake, kwa rabi huyu ni mlango uliofungwa, na nyuma yake kuna kilio. Tena mtu anaweza kuingia mle, kwa Torati na kwa sala. Alitofautisha vilio viwili: anachokilia mtu peke yake humvunja hata asiweze kufanya lolote, na anachokilia pamoja na Mungu humpa nguvu ya kusoma na kuabudu tena.

Nimeisoma sehemu hii usiku na mchana na sijui niifanyeje. Kuna siku naiona kuwa jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kusoma juu ya Mungu. Siku nyingine namsikia yule mama mkekani akiniuliza: sasa akilia naye, mwanangu anarudi? Mungu anayelia ni jirani mwema. Yule mama hakuwa amepungukiwa majirani.

Mahubiri yake ya mwisho tunayoyajua ni ya tarehe 18 Julai 1942. Siku nne baadaye ikaanza kazi ya kuwapakia watu kwenye treni kwenda Treblinka, kambi ya maangamizi. Hadi tarehe 21 Septemba walikuwa wameondolewa watu wapatao 265,000. Binti yake alikuwa miongoni mwao.

## Ijumaa, tarehe 27 Novemba 1942

Waliobaki getoni walikuwa makumi machache ya maelfu, wengi wao wakifanya kazi kwenye karakana za Wajerumani. Rabi Shapira alikuwa mmoja wao. Jioni Sabato ilikuwa inaingia. Alichukua karatasi zake, akatafuta mahubiri yale ya Hanuka, akaongeza maneno machache.

Alisema hivi, kwa ufupi: mateso yaliyokuwa yamewahi kutokea ni yale ya hadi katikati ya mwaka 5702 wa kalenda yao, yaani mwanzoni mwa 1942. Lakini mateso na vifo vya ajabu ambavyo wauaji wametubunia tangu hapo, kwa kadiri ninavyojua maneno ya marabi wetu na historia ya Israeli, havijapata kuwapo. Mungu aturehemu, atuokoe mikononi mwao kwa kufumba na kufumbua. Akaweka tarehe: mkesha wa Sabato takatifu, 18 Kislevi 5703.

Nilipofika hapo niliweka simu chini.

Angalia alichokifanya. Mwaka mmoja kabla aliwaambia watu wenye njaa kwamba wanakosea. Sasa wengi wa watu wale wamekufa, na yeye anaandika kwamba walikuwa wamesema kweli. Hawezi kuwaomba radhi. Hakuna atakayejua kama asipoandika. Karatasi ni zake, kalamu ni yake. Angeweza kuyachoma mahubiri yale. Angeweza kuandika mapya yenye maelezo bora zaidi, maana uwezo huo alikuwa nao kuliko mtu yeyote pale. Badala yake aliyaacha yakae, na kando yake akaweka ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Maelezo mapya hakuweka. Palipokuwa na hoja amepaacha wazi, akaomba rehema, akaweka tarehe.

Hapa ndipo nilipoanza kuuelewa msimamo wa yule mama. Ukiondoa maelezo, nilidhani, unaondoa nguzo, na imani inaanguka juu ya kichwa chako. Ndiyo sababu tunakimbilia kuwaeleza wafiwa, tunadhani tunashikilia paa. Shapira aliiondoa nguzo kwa mikono yake, akiwa amesimama chini yake, na bado alimaliza kwa kumsemesha yule yule. Siwezi kusema imani yake ilibaki kama ilivyokuwa. Naona tu kwamba maelezo yalikuwa kitu kimoja na kuomba kulikuwa kitu kingine, na kimoja kilipokufa kingine hakikufa siku hiyo.

## Anwani

Januari 1943 aliandika barua, akaiambatanisha na karatasi zake. Atakayezipata, vita ikiisha, azitume kwa ndugu yake Yeshayahu huko Tel Aviv, na yaliyomo yachapishwe.

Karatasi zikapelekwa kwa watu wa Oneg Shabat, kikundi cha siri kilichoongozwa na mwanahistoria Emanuel Ringelblum, ambacho kilikusanya kila kitu: shajara, matangazo ya ukutani, kadi za mgawo wa chakula, insha za watoto wa shule. Wengi wao hawakuwa watu wa dini. Mmoja, kijana wa miaka 19 aitwaye Dawid Graber, aliacha maandishi ya kwamba yale waliyoshindwa kuyapigia kelele duniani wameyazika ardhini. Kati ya watu wapatao 60 waliokitumikia kikundi kile, waliomaliza vita wakiwa hai ni watatu.

Mahubiri ya rabi yakazikwa Februari 1943 ndani ya makopo makubwa ya maziwa, chini ya jengo la Mtaa wa Nowolipki namba 68, pamoja na kazi za makomunisti na wachumi na washairi. Novemba mwaka huo huo aliuawa kwenye kambi ya Trawniki, karibu na Lublin. Makopo yalifukuliwa tarehe 1 Desemba 1950, wakati wajenzi wakichimba kwenye vifusi vya mtaa ule.

Ndugu yake Yeshayahu hakuyaona. Alifariki mwaka 1945.

Kitabu kilichapishwa Israeli mwaka 1960, nyongeza ile ikiwemo.

Nabii Zekaria anawaita watu wake wafungwa wa tumaini. Zamani niliona ni maneno ya kupendeza ya kuweka kwenye kadi. Nikiyasoma sasa namkumbuka mfungwa wa Talmudi, asiyeweza kujitoa mwenyewe. Mwandishi wa barua ile hakuandika kwamba mambo yatakuwa mema. Mimi sioni popote kwenye nyongeza wala kwenye barua ambapo anaahidi hivyo. Aliandika jina la mtu na mji alioko. Alihitaji mkono wa mtu mwingine, asiyemjua, siku asiyoijua, na akafanya lile lililokuwa sehemu yake ili mkono huo ukija upate cha kushika. Na Graber, ambaye sijui kama aliwahi kusali mahali pamoja na rabi huyu, alifanya vile vile kwenye chumba kile kile cha chini ya ardhi. Sitaki kumbatiza Graber kwa nguvu awe muumini. Nasema tu kwamba ardhi ile imewabeba wote wawili.

## Padri hakubaliani

Rafiki yangu mmoja ni padri. Nilimpa makala hii aisome kabla sijaiweka hapa, akaja jioni na karatasi ameichora mistari.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba nimewasahau waliotoka geto lile bila imani kabisa. Wapo, ni wengi, na hawakuwa dhaifu kuliko rabi. Anaogopa nitamgeuza Shapira kuwa fimbo ya kuwachapia watu: yeye aliweza, wewe umeshindwaje? Hapo hatukubishana. Shapira mwenyewe aliishika fimbo hiyo Desemba 1941, na tumeona alivyoiweka chini.

Ya pili ilituchukua hadi chai ikapoa. Padri anasema mtu akiandika kwamba haya hayajapata kuwapo tangu historia ianze, basi amekwisha kutoka nje ya agano. Sala inayofuata ni mazoea ya kalamu. Wasomi nao wamegawanyika juu ya jambo hilo, wapo wanaomwona kwenye nyongeza ile kama mtu aliyefika ukingoni mwa imani, na wapo wanaokataa. Nilimwambia mtu aliyemaliza na Mungu hamwombi amwokoe kwa kufumba na kufumbua, halafu akaandika kwamba ni mkesha wa Sabato takatifu.

"Anaandika sana tu," akasema. "Mimi nimewazika wengi, nimewasikia jamaa zao. Mdomo unaendelea kusali miaka mingi baada ya moyo kuacha."

"Na huo mdomo unamwambia nani?"

Akacheka, akasema hilo ni swali la kitoto. Mimi naona ndilo swali lenyewe. Ameondoka na nakala ya mahubiri, amesema atanijibu kwa maandishi. Akifanya hivyo nitaliweka jibu lake hapa hapa, chini ya haya ya kwangu, bila kufuta kitu.